Ephrasia na Harusi Iliyozuiwa Kitendaguro

Ukitaka kumjua Ephrasia, mpelekee sketi iliyofumuka pindo. Kwanza atakuuliza unasoma nini siku hizi, na ukijibu ovyo sketi yako itakaa kwake mpaka uisahau. Ni fundi cherehani wa Hamugembe, mke wa Byarugaba, mwanamume mwema ambaye akisomewa ukurasa wa kwanza hulala kabla ya wa pili kufunuliwa. Kwa hiyo Ephrasia hubaki na maoni yake tumboni, na maoni ya Ephrasia si mzigo wa mtu mmoja.

Ndiyo maana alikipenda kikundi chetu kupita kiasi. Tuko wanawake wachache tunaokutana Jumapili saa tisa alasiri kwa Theopista, Kitendaguro. Ephrasia anasoma kwa sauti, sisi tunasikiliza na kubishana. Vitabu huchagua yeye. Binti yake humtumia vipya kutoka Dar es Salaam, na kila kimoja hukipa hukumu bila kukionea haya.

"Kitabu kizuri ukikimaliza unanyamaza," hupenda kusema. "Cha kikundi ukikimaliza unatafuta mtu wa kugombana naye."

Mwaka huu busara hiyo ilimwangusha. Alianza na riwaya ya upelelezi, na muuaji tulimjua kabla chai haijaletwa, tukabaki kumhurumia kwa kutojua kujificha. Kikafuata kitabu cha mwalimu mstaafu anayesimulia maisha yake, kizuri mno, kila sentensi imepigwa pasi. Tulikubaliana nacho chote, na tulipokwisha kukubaliana hatukuwa na la kusema. Ma Kokubanza, mkubwa wetu kwa umri, alikoroma waziwazi. Theopista, mwenyekiti na mwenye nyumba, akatoa tamko: kitabu cha tatu kikituchosha pia, Jumapili zitakuwa za kusuka mikeka.

Mimi napenda kusuka. Lakini njiani kurudi nyumbani Ephrasia alinishika mkono. "Jovita, mimi nitaongea na nani? Nitabaki kuisimulia cherehani?" Nilicheka. Kisha nikaona macho yake yamejaa maji, nikaacha.

Cha tatu kilikuwa riwaya ya mapenzi ya mwandishi kijana. Nesi na injinia, wote wa huku kwetu, wanakutana kwenye meli ya Mwanza, wanapendana kabla ya kushuka. Ephrasia hakukisifu. "Mwezi umezidi. Kila wakishikana mikono, mwezi unatoka. Lakini hiki kina ugomvi ndani, naunusa."

Akasoma. Nesi yuko harusini, anakataa kula kamongo kwa sababu kwao samaki huyo haliwi. Tukapita. Sura mbili mbele, bibi yake injinia anamfukuza muuza samaki mlangoni: kamongo haingii nyumba hii. Tukapita tena. Ma Kokubanza, tuliyedhani amelala, akafumbua jicho moja.

"Rudia hapo."

Ephrasia akarudia.

"Hao watoto wana muziro mmoja," alisema Ma Kokubanza. "Hao ni ndugu. Hawaoani."

Kwetu Wahaya kila ukoo una muziro wake, kitu usichokila, na wa ukoo mmoja hawaoani hata mwezi utoke mara ngapi. Nyumba ikalipuka. Theopista alidai koo mbili zinaweza kuwa na muziro mmoja na watu wao wakaoana. Mimi nilisema makosa ni ya mwandishi, hakuuliza wazee. Chai ikapoa. Mwishowe Ma Kokubanza akampigia simu mdogo wake, Ildefons wa Rubya, ambaye mambo ya koo ndiyo chakula chake. Alikuwa migombani, mtandao unakatakata.

"Binti nesi, kijana injinia, wote hawali kamongo. Waoane?"

"Wasioane," tulisikia. "Wala posa msipokee. Nakuja." Simu ikakatika. Tulidhani anatania.

Jumapili iliyofuata bodaboda ilimshusha mlangoni, kanzu na koti, fimbo mkononi. Tulimwamkia kwa adabu zote, akapewa kahawa ya kutafuna. Akatafuna. Akatutazama mmoja mmoja.

"Wazazi wa binti wako wapi?"

Theopista alikimbilia jikoni, tukamsikia akicheka huko ndani ya khanga yake. Mimi nilitazama sakafu. Ephrasia peke yake ndiye aliyesimama, uso umemshuka, akampa mzee kitabu kwa mikono miwili.

"Ta Ildefons, binti yuko humu."

Mzee alikigeuza, akatazama jalada, akakigeuza tena. Tulijua akiondoka kwa hasira Rubya nzima itapata habari zetu, na mikeka itatungoja.

"Nimetoka nyumbani alfajiri," alisema, "kuja kuzuia harusi ya karatasi."

"Utusamehe, waitu," Ephrasia alimwomba kwa heshima.

Akamrudishia kitabu. "Posa imeshapokelewa?"

"Bado. Ni sura inayofuata."

"Basi sijachelewa. Soma."

Ephrasia alianza, sauti inamtetemeka, hujui ni kicheko au kilio, na mimi nadhani vilikuwa vyote viwili. Mzee alimkatiza kila ukurasa. Alitaka yule bibi aulizwe ukoo wake kwa jina. Theopista alirudi kutoka jikoni akiwa amekunja mikono ya gauni, wakabishana mpaka mate yakawakauka. Giza lilipoingia posa ilikuwa imefika mlangoni na mzee anadai kujua mwisho. Ephrasia, aliyekwisha kukisoma chote wiki iliyopita, alikifunga kitabu.

"Jumapili, Ta."

"Wakioana sitahudhuria," alisema Ildefons. Akaokota fimbo yake. "Ila wasipooana nitaumia."

Akaamua kulala kwa dada yake wiki yote, migomba ijitunze. Theopista alitusindikiza mpaka barabarani, bado anabishana na mzee, kisha akamgeukia Ephrasia.

"Jumapili tuanze saa nane," alimwambia. "Saa tisa tunachelewa."