Pikapu Iliyoinuliwa kwa Ajili ya Mama

Mume wangu hakuwahi kumshika mama yangu mkono. Naanza na hilo kwa sababu bila kulijua, mtu hawezi kuelewa kwa nini afisa kilimo mwenye akili zake timamu alishinda gereji siku nzima akichagua springi na tairi kama mtu anayechagua mchumba.

Yeye ni Mpare. Alihamishiwa Bariadi kikazi, akanikuta nafundisha sekondari, tukaoana. Siku ya kwanza nilipompeleka nyumbani, ndani ndani huko ukishaacha lami ya Sapiwi, alimwona mama anakuja njiani na ndoo, akamkimbilia na mikono miwili mbele, kwa adabu zote za kwao milimani. Mama alitua ndoo, akajifunika uso kwa kanga, akaingia kwenye mahindi. Alikaa humo mpaka mgeni alipoingia ndani. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani, hawali pamoja, hawakai karibu. Sikuwa nimemwambia. Kwangu mimi lilikuwa jambo la wazi mno, kama kumwambia mtu avae nguo kabla ya kutoka nje.

Aliona aibu mpaka nikamhurumia. Wanasema ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho. Mwenzangu alifumba yote mawili. Wakwe wengine wa Kisukuma pale kijijini siku hizi wanalegeza, unamkuta kijana anampokea mama mkwe wake mzigo mnadani bila wasiwasi. Yeye hapana. Tangu siku ile alikuwa akisimamisha gari nje ya ua wa minyaa, anachuchumaa, anatazama upande wa zizi, anasema, "Mwadila, mayu." Mama anaitikia kutoka jikoni. Salamu zikishaisha, kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake.

Na walipendana, hilo naapa. Mama hakuniacha nirudi mjini bila mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kila mara alisisitiza kwamba ni ya mkwe, nisije nikaila mimi. Yeye naye kila akipata mbegu nzuri alimwekea mama kwanza. Mimi nilikuwa mtu wa kupeleka na kurudisha. Nilikuwa nawatania kwamba wananitumia kama boda boda.

Halafu moyo wa mama ukaanza kusumbua. Daktari alisema umepanuka, akampa dawa, akamwambia ahudhurie kliniki Bariadi kila mwezi bila kukosa. Kiangazi hakukuwa na tatizo. Shida ilikuwa masika, maana kati ya kwetu na lami kuna bonde la mbuga, udongo mweusi ule ambao jua likiwaka unapasuka na mvua ikinyesha unageuka ugali. Mvua zilipoanza tulimfuata, gari likazama katikati ya bonde mpaka tumboni. Tulishinda pale tunachimba. Mama hakufika kliniki mwezi ule, na nilipomwona tena miguu yake ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo.

Mume wangu aliitazama miguu ile kwa mbali, kutoka penye minyaa. Tulipofika nyumbani alizima gari, akabaki ameshika usukani, akasema, "Hili gari naliinua."

Fundi wake ana gereji nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Ni mtu wa maneno mengi, na kwake kila kitu kikubwa ni kizuri. Nilienda nao, nikakaa kwenye benchi na madaftari yangu ya kusahihisha, nikawasikiliza wakibishana.

"Weka inchi nne, bosi," fundi alisema. "Mbuga haijui inchi mbili."

"Nne zitakula ekseli za mbele. Na kona za kule Maswa nitapinduka."

"Wewe unaenda kwa mama mkwe au unaenda kwenye mashindano? Nenda polepole. Gari likiwa juu, tope linapita chini, wewe unapita juu."

Mume wangu alizunguka gari, akachuchumaa, akapima kwa kipande cha mti alichotoka nacho bondeni. Alikuwa ameuchomeka kwenye tope pale tulipozama, akautia alama kwa kisu. Alama ilipita chasisi. Basi, nne zikashinda. Shokapu ndefu, springi mpya za mbele, na nyuma wakaongeza mabapa ya springi ili mzigo usilishushe gari.

Kwenye tairi ndipo nilipomjua upya mume wangu. Duka lilikuwa na tairi pana, nzuri kwa macho, vijana wote wa mjini wanazitaka. Yeye akatoa mfukoni mfuko wa nailoni wenye bonge la udongo wa bondeni, bado mbichi. Akalikandika kwenye meno ya tairi moja kwa dole gumba, kisha akaipiga tairi sakafuni. Udongo ukabaki pale pale. Akahamia nyingine. Mwenye duka alikuwa ananitazama mimi, anatafuta msaada. Nilimwambia avumilie, huyu ni mtu wa udongo kwa kazi. Mwishowe akapata tairi nyembamba kidogo, ndefu, yenye meno yaliyoachana sana. Aliipiga chini, bonge likaruka. Akacheka peke yake kama mtoto.

Rimu alitaka za chuma, nyeusi, mbaya kama sufuria ya msibani. Fundi alisikitika kabisa, maana alikuwa na za kung'aa. "Za kung'aa zikipasuka nitazifanyia nini mimi kule?" mume wangu akamwambia. "Hii ikipinda naigonga nyundo naendelea."

Jambo la mwisho lilikuwa vile vikanyagio vya pembeni, bomba ndefu zilizokuwa chini ya milango. Fundi alisema vitakokota tope na kunasa kwenye matuta, afadhali vitoke. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Nilimwona fundi akivifungua na kuviegemeza ukutani, na mimi nikarudi kwenye daftari la mtoto aliyeandika kwamba figo hukaa kifuani. Sote tulikuwa tumelipima lile bonde. Hakuna aliyempima mama.

Mkuu wangu wa shule alipoliona gari aliniuliza kama tunahamia Serengeti. Vijana walilipiga picha. Mimi mwenyewe nilikuwa naingia kwa kushika mpini wa juu na kujirusha, sketi yangu ya kazi ikanichanikia hapo siku ya kwanza, nikacheka. Nacheka nini, sijui. Mtu mwenye magoti mazima haoni kitu.

Siku ya kliniki ilipofika tuliomba ruhusa kazini, tukaondoka asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bondeni alishuka, akatazama, akarudi, akaweka gia ndogo, akaingia. Gari lilitembea. Nilisikia tope likirushwa kwenye fenda, likidondoka, likirushwa tena, na sisi tunakwenda tu, hatuna haraka, hatusimami. Tulipotoka ng'ambo alipiga usukani kofi, akasema, "Sasa mama hatakosa kliniki tena." Sijawahi kumwona amefurahi namna ile, hata siku ya harusi yetu.

Mama alikuwa tayari. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kadi ya kliniki iko kwenye mkoba, fimbo mkononi. Watu wote walikuwa kwenye majaruba ya mpunga, maana mvua ile ilikuwa haiwaachi watu nyumbani. Mume wangu alisalimia kutoka penye minyaa kama kawaida, kisha akasogea mbele ya gari na kutupa mgongo ili mama apite.

Mama alifika mlangoni akasimama. Sakafu ya gari ilimfika kiunoni. Kiti kilikuwa juu kuliko kifua chake.

"Ng'wanone, mwanangu," aliniambia, "hii gari inapandwa na nani?"

Nilileta kigoda chake cha jikoni. Aliweka mguu mmoja, ule uliovimba zaidi, na kigoda kikazama kwenye matope upande mmoja. Nikaleta jiwe. Nikainama nikamsukuma kwa bega, lakini mama alikuwa mtu mzima mwenye mwili, na maji ya ugonjwa yalikuwa yamemwongezea uzito. Goti lilikataa kupanda. Alishika mpini wa mlango, akapumua kwa shida, akajaribu tena. Nilisukuma mpaka nikaona giza. Halafu mkono wake uliteleza.

Mume wangu aligeuka. Labda alisikia sauti yangu. Alikuja hatua kubwa kubwa, mikono imenyooka mbele, ile ile miwili ya siku ya kwanza, na nakwambia angemnyanyua mama kama gunia la pamba na kumweka kitini, ana nguvu hizo.

"Hapana, baba," mama alisema. Alikuwa ameketi kwenye tope, anavuta kanga kufunika uso. "Usinishike."

"Mayu, ni ugonjwa huu," nilimwambia. "Ugonjwa hauna ukwe."

"Nikizimia anibebe. Saa hizi nina akili zangu."

Mume wangu alisimama. Mikono ilibaki hewani kidogo kisha akaishusha. Nilikasirika, na sijui hata leo nilimkasirikia nani: mama, yeye, fundi na inchi zake nne, au watu wetu wa zamani walioweka mipaka bila kufikiri kwamba siku moja kutakuwa na magari. Nilitaka kumwambia mume wangu amnyanyue kwa nguvu. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimemwona mama macho yake kabla hajayafunika. Alikuwa anaomba.

Nilimwinua mimi, taratibu, akajikongoja mpaka kwenye mkeka barazani. Nikamfuta miguu. Upande wa kaskazini mbingu zilikuwa zimeshaungana na ardhi. Nilisema nikawaite watu majarubani waje wamnyanyue, akakataa, akasema hatabebwa kama mzigo mbele ya mkwe wake akitazama. "Nendeni, bonde litajaa. Mkanitengenezee pa kukanyaga, nitakuja." Alisema wabeja, asante, kwa gari. Alisema kwa sauti, ili mkwe asikie, kwamba ni gari zuri sana. Nilimwachia dawa zilizokuwapo tukaondoka.

Fundi alikuwa ameshavikata vile vikanyagio, akatengenezea geti la mtu. Mume wangu hakumgombeza. Aliagiza ngazi ya kukunja, akaichora mwenyewe kwenye karatasi, ngazi fupi fupi za mtu asiyekunja goti, na mahali pa kushika pande zote mbili. Kila jioni alipitia gereji kuangalia. Umeme ulikuwa unakatika, mashine ya kuchomelea inalala, anarudi nyumbani na uso uliokunjamana.

Ngazi ilikuwa bado haijapakwa rangi wala kufungwa kwenye gari tulipopigiwa simu. Binamu yangu alikuwa amemtoa mama kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mkokoteni uko chini, mtu anaketi tu kisha anageuza miguu. Ng'ombe wale walivuka bonde kwenye mvua, polepole, mama amefunikwa turubai, mpaka kwenye lami, na tulipofika kumpokea midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Gari la kukodi lilimchukua hadi hospitali, gari dogo la kawaida, aliloingia mwenyewe. Alifariki wodini asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimemshika mkono. Mume wangu alikuwa koridoni, maana mama alikuwa bado na akili zake.

Ndugu walisema hakuna haja ya kutafuta gari la kumrudisha, gari lipo, na bonde lile hakuna lingine linalolivuka. Wanaume walitoka na jeneza mochwari. Mlango wa nyuma wa pikapu ulikuwa umeshushwa, na ubao wake ulikuwa sawasawa na mabega ya watu wazima. Walikuwa pungufu upande wa miguu. Mjomba wangu akageuka, akamwambia mume wangu, "Baba, shika hapo."

Hakushika. Alinitazama mimi. Mwanamume mzima, mtu wa ofisi, machozi yanashuka mpaka kidevuni, ananiuliza kwa macho kama anaruhusiwa.

"Mshike," nikamwambia. "Sasa amesharuhusu."

Aliingiza mikono yote miwili chini. Jeneza liliingia bila kugusa popote.

Nilikaa naye mbele. Bondeni aliweka gia ndogo, tukaingia, tope likawa linarushwa na kudondoka kama alivyolipima na bonge lake lile. Nilizichukia zile tairi kwa namna zilivyofanya kazi vizuri. Hatukukwama hata kidogo. Tulipofika penye minyaa alisimamisha gari palepale anaposimamishaga siku zote, akashuka, akachuchumaa, akatazama upande wa zizi, akasema, "Mwadila, mayu." Kisha akabaki amechuchumaa, anasubiri, mpaka mjomba alipokwenda kumwinua.