Kibao Nilichomvisha Ngalula

Enzi zetu, sisi tulioshika mwiko kabla ya kushika kalamu, tuliijua aibu ya dawati dogo. Nilianza shule Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa, nikiwa na miaka kumi na mmoja na miezi minne, magoti yakigonga ubao, katikati ya watoto wenye mapengo. Herufi nilikwisha kuzijua. Jirani yetu Ngalula, niliyemzidi miaka miwili na aliyeniita yaya, dada mkubwa, ingawa shuleni alinitangulia, alinifundisha kwa kipande cha makala, kaa jeusi la jikoni, kwenye baraza yao, huku sombe, kisamvu chetu, ikitokota na harufu ya mawese ikituvuruga akili.

Kusema Kiswahili uwanjani badala ya Kifaransa lilikuwa kosa. Mkosaji alivishwa kibao cha mti shingoni, na alikivua tu kwa kumnasa mwenzake. Aliyekutwa nacho kengele ya mwisho alisugua vyoo. Vijana wa leo, wanaochanganya lugha tatu katika salamu moja, wangekivaa hadi siku ya arusi.

Ijumaa ya juma la tatu kilinifikia. Nilijificha nyuma ya darasa nikilia, kwani wadogo walikuwa wakiniimbia: “Mama wa darasa! Mama wa darasa!” Ngalula akanifuata, akanipangusa machozi kwa kiganja.

“Usilie, yaya. Mama alipika sombe, tutakula pamoja.”

Alikuwa amesema Kiswahili. Nilikivua kibao, nikamvisha.

“Ni mimi, yaya?” aliuliza.

Jioni alikuja kama kawaida. Nilimwomba mama aseme nimelala. Mama alisema, kisha akanigeukia: “Mutoto, ule mulango unafunga leo, kesho utaufungua na mukono gani?”

Sikuufungua. Tangu hapo nimetangaza, mbele ya marehemu mume wangu na watoto wetu, kwamba rafiki wa roho si lazima, mtu hujitosha. Aibu ilivaa kitenge kizuri, ikaitwa hekima. Hata kwenye kilio cha mume wangu, Ngalula alitoka Karavia, nje ya mji, kwa miguu, akaketi mkekani pangu siku tatu. Siku ya mwisho nilimshukuru. Kwa Kifaransa.

Jana mjukuu wangu, macho kwenye simu, aliniuliza: “Nkambo, rafiki wa roho iko lazima?” Nilitaka kumjibu kama siku zote, kwamba mtu hujitosha. Wao humfuta rafiki kwa kidole, huku wakitafuna, bila kusikia chochote. Mimi, jioni ile, nilimsikia wangu akibisha hodi, mara tatu, na makala yake mkononi.