Fundi Aliyejifunza Kusema Njoo Kesho

Mafundi cherehani tunawajua. Unapeleka kitambaa, unaambiwa njoo kesho. Ukienda kesho umeme ulikatika, keshokutwa sindano imevunjika, mwisho unakwenda harusini na suruali ya kuazima. Huyu wetu hakuwa na tabia hiyo hata kidogo. Watu walimwita Chuchumaa, kwa sababu hakumkabidhi mwanamume suruali mpaka achuchumae pale pale dukani, mbele za watu, yeye akimzunguka na chaki mkononi. "Ukisimama, kila suruali ni nzuri," alisema. "Kwani utasafiri umesimama?"

Wateja wake walikuwa madereva, wapima ardhi, mafundi wa minara ya simu. Watu ambao suruali moja huilalia, huifanyia kazi na kuingia nayo ofisini. Kitambaa alikikunja ngumini, akakiachia. Kikibaki na makunyanzi, kilirudi kwenye rafu. Magoti aliyatilia kipande cha pili kwa ndani, na mifuko aliishona mara mbili. Na kabla ya kugusa mkasi lazima aulize: unakwenda wapi, na utakaa muda gani? Ukimficha, alikukunjia kitambaa chako ukatafute fundi mwingine.

Basi msimu wa baridi ulipoanza, akaja jirani yake, kijana mchomeleaji wa mageti. Alitaka suruali ya kadeti nzito, bitana ya joto, kamba za kubana vifundo vya miguu, na mfuko wa siri kiunoni. "Nimepata kibarua cha mnara, mlimani kule," alisema. Jibu lilinyooka. Fundi akashona, mchomeleaji akachuchumaa mpaka akalalamikia magoti, na siku ile ile waliyoahidiana akarudi nyumbani na suruali yake kwapani, kusubiri siku ya safari.

Haikupita wiki akaingia mwana wa fundi mwenyewe, kifungua mimba, muuzaji wa duka la dawa. "Baba, nishonee kama ile ya mchomeleaji."

"Ya kwendea wapi?"

"Semina. Siku chache tu."

Mkono wa fundi ukabaki na futi hewani. Semina watu wanakaa kwenye viti. Nani anabana suruali kwa kamba miguuni ili akae kwenye kiti? Nyuma ya mlima ule aliokwenda mchomeleaji kulikuwa na mpaka wa nchi, na mtaa mzima ulijua vijana wanavyouvuka kwa kificho. Kinyozi wa mtaa wa pili alipita huko mwaka jana, na simu yake mpaka leo haipatikani.

"Hiyo semina ina baridi?" akamchokonoa.

"Hotelini kuna kiyoyozi, baba," kijana akacheka. Mzee naye akacheka, akamalizia kumpima.

Angemwambia nini? Yule ni mtu mzima na ndevu zake. Ukimbana anakuita mzee wangu, anakukubalia kila kitu, kisha anafanya lake. Fundi aliogopa kwamba akilitaja tu neno mlima, kijana ataondoka siku hiyo hiyo. Ndipo akawaza kwa akili ya kifundi, na akili hiyo ndiyo iliyomponza: hakuna mwenda safari anayeondoka bila nguo ya safari. Suruali isipokwisha, na safari haijaiva.

"Njoo kesho," akasema. Neno lenyewe lilimshinda kulitamka sawasawa.

Kesho yake zipu imekosekana. Keshokutwa cherehani inaruka uzi. Uongo mtupu! Suruali ilikwisha siku ile ile, maana mikono yake haikujua kuchelewesha kazi, na aliisukumia chini ya marobota ya kitambaa. Mkewe akamshangaa. "Wewe? Wewe ndiye wa kumzungusha mtu? Kuna nini, baba watoto?"

"Hakuna kitu," akajibu, akainama kwenye cherehani.

Kisha kijana akaacha kuuliza. Akawa mpole kupita kiasi. Alitengeneza bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu zamani, akakaa na mama yake akimchambulia mchele, akamwaga stori mpaka mama akafuta machozi ya kicheko. Fundi akashusha pumzi: ameghairi. Masikini, hapo ndipo alipopaswa kuogopa.

Asubuhi moja mkewe akamkuta dukani, miguuni kandambili moja ya kwake, nyingine ya jirani. "Kijana hayupo. Simu haipatikani. Mke wa mchomeleaji anasema wametoka wote wawili alfajiri."

"Amevaa nini?"

"Mtoto ameondoka, wewe unauliza nguo?"

"Amevaa nini, mke wangu?"

"Ile ya kazini. Ile nyeusi, nyepesi."

Fundi aliijua; ilikuwa ya kusimama nyuma ya kaunta. Mlangoni alitazama mlimani, na mlima haukuonekana. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka chini. Akarudi ndani, akaivuta suruali chini ya marobota, akaiweka mezani. Mkewe akaishika, akapitisha mkono kwenye bitana, akazijaribu kamba za miguuni.

"Hii imekwisha lini?"

"Siku ile ile aliyoniagiza."

Mama akakaa kwenye benchi la wateja. Akaikunja suruali mapajani.

"Na ya mchomeleaji ulimpa kwa wakati," akasema.