Kahawa ya Raili

Katika kikosi chetu cha uwindaji, Raili Heikkinen ndiye mwenye shabaha kuliko wote. Kila kiangazi, kwenye jaribio la kulenga ubao, hutuacha hoi. Lakini msituni, miaka yote hiyo, hakuwahi kuangusha hirvi hata mmoja.

Sababu tuliijua sote; yeye tu hakuikubali. Hirvi ni mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kupita farasi, ila ana ukaidi wake: hatokei mpaka umimine kahawa au ufungue suruali. Raili aliuita huo upuuzi wa wanaume wavivu. Akikaa kwenye kituo chake cha kuvizia hanywi, hali, hakohoi.

Siku ya mwisho ya msimu kilibaki kibali kimoja tu, cha ndama. Asubuhi, kwenye moto, kiongozi wetu Tauno akamwambia mbele ya watu, "Raili, leo ukirudi mikono mitupu, mwakani kituo chako nampa mkwe wangu. Wewe utatumenyea viazi vya karamu ya kufunga msimu."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikasirika, lakini niliinama kufunga viatu, nami sijisifu kwa hilo.

Nilipangwa ng'ambo ya kinamasi, nikawa namwona vizuri. Mbwa walibweka mbali, wakanyamaza. Jua likaanza kushuka. Subira huvuta heri, lakini ya Raili ilivuta baridi tu. Mwishowe nikamwona anainamisha kichwa, anafungua mkoba na kutoa chupa ya kahawa. Amekata tamaa, nikajua, na roho ikaniuma.

Kikombe hakijajaa, hirvi jike huyo, katoka kwenye misonobari! Amesimama ubavu wazi, karibu kiasi kwamba hata mkwe wa Tauno asingemkosa. Raili akaweka kikombe kwenye kisiki, akainua bunduki, akatulia. Hakupiga. Kibali hakikuwa cha mama.

Jike akavuka taratibu. Nyuma yake, miguu mirefu ikijikanyaga, akaja ndama. Risasi ikalia mara moja tu.

Tulipomfikia alikuwa ameketi kwenye kisiki, anamalizia kahawa yake, machozi yanamtoka na anacheka. Kwa desturi yetu, kiongozi hukata kijitawi cha msonobari na kumchomekea mpigaji kofiani. Tauno alikikata, akavua kofia yake mwenyewe kwanza.

"Haya, dada, tuambie. Leo umefanyaje?"

"Nimekunywa kahawa," akasema Raili.

Tulicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka.

Kwenye karamu wenye mashamba tunamowinda walikuja wote, na supu ya hirvi ilitosha. Raili alikaa mezani na kofia yake yenye kijitawi, hakuivua hata wakati wa sala. Akachota kiazi kwa kijiko, akakitazama, akageukia jikoni alikokuwa mkwe wa Tauno, aproni kiunoni.

"Mwanangu, hiki bado kina maganda. Hebu mimina kahawa kwanza, ndipo umenye."