Nani Aligusa Hesabu ya Dozi?

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, zahanati moja hapa Bomani. Mbele yangu alisimama mama mtu mzima, mjukuu mgongoni. Mfamasia akasoma dozi kwenye kompyuta, akamtazama mtoto, akasoma tena.

"Subiri kidogo, mama. Hii ni nyingi mno kwa uzito wake."

Akaitwa fundi wa kompyuta, kijana. Akasema dozi hukokotolewa na kanuni iliyohifadhiwa ndani ya mfumo, na inaelekea kuna mtu ameibadilisha.

"Lini?" mfamasia akauliza.

Kijana akabonyeza, akakuna shingo. "Kanuni zote zinaonyesha tarehe moja ya kubadilishwa, siku tuliyohamishia mfumo kwenye mashine mpya. Ni kama kuhamia boma jipya. Ng'ombe wote wanaonekana wameingia siku moja."

Mama akamgeukia. "Na huyo ng'ombe mgonjwa aliugua lini?"

"Shikamoo, mama," kijana akasema. Akarudi kubonyeza.

Mfamasia akachukua kalamu, akapiga hesabu kwa mkono, akairudia. Mama akaondoka na chupa yake ya dawa akiwa ameikumbatia.

Kwetu mtu akigusa komeo la zizi, asubuhi majirani wote wanajua. Lakini hesabu inayoamua mtoto anywe dawa kiasi gani inaguswa, na hakuna hata unyayo.

"Na wewe?" mfamasia akaniuliza.

Nilikuwa nimefuata vidonge vya awamu ya pili. Vya kwanza nilipewa dirisha hilohilo, kwa hesabu ya kompyuta ileile, na nilishavimeza vyote.