Jina Lililofutwa Bangoni

Shangazi aliondoka bila kuaga. Hilo ndilo lililomkaa binti rohoni, maana shangazi yake alikuwa mtu wa kuaga mpaka akuchoshe. Ataaga akiwa kitini, ataaga mlangoni, na akishafika barabarani ndipo atakumbuka habari aliyoijia, arudi aanze upya. Siku ya maonyesho ya chuo cha binti alisimama nyuma ya watu, mkoba kwapani, kisha pale aliposimama pakawa patupu.

Alikuwa amefua mashuka ya hospitali moja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wafuaji wengine walikuja, wakauona mvuke, wakayaona madoa, wakakumbuka kwao. Yeye alibaki. Kuanzia madaktari hadi mlinzi wa lango, wote walimwita Mama Mashuka, na ulimi wake waliuogopa kwa mapenzi. Daktari kijana aliporudisha koti lenye wino mfukoni, alimwambia, "Kalamu ina kifuniko, baba. Kifuniko si mimi." Daktari alicheka, na kesho yake akaleta koti safi kana kwamba analipeleka kwa mama mkwe.

Binti, mtoto wa kaka yake, alisomea uuguzi akiishi kwake. Alipotakiwa kuchunguza uchovu wa wafanyakazi wa hospitali wasiotazamwa na mtu, angeanzia wapi kama si mle mle jikoni kwa shangazi? Kamati ya maadili ya chuo ilimpa kibali. Alimweleza shangazi, neno kwa neno, kwamba ana haki ya kukataa. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu lini mtu akamkatalia mtoto wa kaka yake? Aulize tu, chai inapoa.

Akauliza. Na shangazi, huku akichambua mchele, akasema kama mtu anayesimulia mvua ya jana: "Macho yameanza kunitupa mkono. Doa silioni tena. Nanusa shuka ndiyo nijue limetakata."

Baadaye wanafunzi waliambiwa watengeneze mabango kuonyesha jinsi walivyolinda siri za watu waliozungumza nao. Binti alifanya kazi hiyo kwa uangalifu wa mtu anayebeba maziwa kwenye sahani. Alifuta jina la shangazi. Alifuta umri, akafuta mtaa. Ile kauli ya kunusa aliiacha, na chini yake akaandika: mfuaji wa mashuka. Mwalimu wake alivutiwa nayo, akamshauri aikuze ionekane kutoka mbali. Kamati nayo ilipitia bango, ikatafuta jina, haikuliona, ikaridhika.

Mabango yalitundikwa kwenye ukumbi mrefu wa chuo, na wageni wakapita wakiulizauliza. Muuguzi mkuu wa hospitali alikuwa miongoni mwao. Alisimama mbele ya bango la binti, akasoma, akaishusha miwani yake.

"Kumbe Mama Mashuka haoni," alisema, kwa huruma kabisa.

Binti aligusa bango kwa kidole. "Lakini hapo hakuna jina, mama."

Muuguzi mkuu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani jina lake nani?"

Ndipo binti alipogeuka, akamwona shangazi yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwalika, amevaa gauni la kutokea. Alipogeuka tena hakumwona.

Nyumbani alimkuta akikunja nguo zake mwenyewe. Binti alijitetea: aliomba ruhusa, alieleza, alifuata kila kanuni. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe nilikuona, mwanangu," alisema. "Yule aliyekuja na kalamu sikumwona."

Hakuna aliyemfukuza kazi. Hapo ndipo binti anapochanganyikiwa zaidi. Muuguzi mkuu alimtafutia daktari wa macho, akamhamishia kwenye meza ya kukunjia, akamweka mtu mwingine wa kukagua madoa. Wote walikuwa wema. Ila madaktari vijana sasa walimsalimu kwa sauti ya wodini, wakimshika kiwiko kwenye ngazi alizozipanda maisha yake yote, na hakuna aliyethubutu tena kumletea koti lenye wino. Shangazi aliomba likizo. Likizo ilipokwisha, hakurudi kazini wala nyumbani.

Bango lilipata alama nzuri. Binti alimwendea mwalimu wa kamati, akamuuliza alikosea wapi. Mwalimu alipitia kanuni moja baada ya nyingine, akasema zote zilifuatwa, kisha akachezea kifungo cha shati. Je, kama asingeandika, si yale macho yangezimika kimya kimya? Na kama ilikuwa heri, mbona nyumba imepwaya hivi? Binti anaiwaza hivi asubuhi, jioni anaiwaza vile, na pande zote mbili zinamshinda.

Shangazi anaishi kwa dada yake, katika mji mwingine. Jicho la kulia limeshapasuliwa. La kushoto linasubiri zamu.