Nyota Iliyopinda

Juma hili, kwenye duka la misumari hapa Kolwezi, mbele yangu alisimama mama mmoja wa mtaa wa Kapata, akitafuta kamba ya kutundikia mapambo ya Noeli kwenye dari.

"Mujukuu wangu ameanza kutembea," alimwambia muuzaji. "Mwaka huu bitu byote binapanda juu."

Ili kupima kamba, alifungua kitambaa akatoa nyota za waya ya shaba. Marehemu mume wake alizisokota mwenyewe, enzi za kazi yake kwenye kampuni ya migodi. Nyota moja ilikuwa imepinda mkono. Muuzaji akachukua koleo.

"Leta, mama, nikunyooshee."

Mama akaifunika kwa kiganja.

"Hapana, tata. Baba ya huyu mutoto njo yeye aliipindisha, wakati naye alikuwa anatambaa. Hii moja itabakia chini. Mutoto naye ataishika."

Nilitoka nimesahau misumari yangu. Kwetu, mama yangu alizifungia nyota kama hizo ndani ya sanduku, na ole wako ukizigusa. Ninazo hadi leo. Zimenyooka zote, na hakuna hata moja inayoonyesha kwamba nyumba ile ilikuwa na watoto.